Nyenje Alinda Utando

Buibui alimwazima Nyenje kwa jirani aje amlindie utando, maana njaa ilikuwa imemkaba. Nyenje akaanza kazi kwa bidii: "Upepo umevuma! Uzi umetikisika! Uzi umetulia!" Kila alipoita, Buibui alitoka mbio kwa miguu yake yote minane, akakuta patupu.

"We bwana, niite nzi akinasa tu!"

"Sawa! Nimesikia! Nimenyamaza! Bado nimenyamaza!"

Buibui akaziba masikio, akalala.

Ndipo Nzi mmoja mnene akanasa. Nyenje akaanza kutoa taarifa tangu mwanzo: "Alfajiri nilifumbua jicho la kushoto. Umande ukadondoka..."

Nzi uzalendo ukamshinda. "Buibui, njoo unile nipumzike!"

"Subiri zamu yako," Nyenje akamfokea. "Bado niko kwenye umande!"