Poda Juu ya Injini

Siku Mwanaidi alipofariki, gari lilikuwa uani na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mumewe, Shekue. Uchungu wa kuzaa ulimshika alfajiri, lakini fundi Ngwali alikuwa ameona oili ikivuja kwenye injini, akasema gasketi ya silinda hedi imekufa, gari lisiwashwe. Wakangoja gari la kukodi. Likachelewa. Jioni wakazikwa wawili, mama na mtoto.

Baada ya arobaini, Ngwali alikuja kulitengeneza. Safari hii aliiosha injini kwanza, akaikausha, kisha akaomba poda ya kunyunyizia, ili oili ionyeshe inakotoka. Shekue akamletea kopo la poda ya mtoto. Lilikuwa halijafunguliwa.

"Washa, ndugu yangu. Leo tutaikamata."

Injini ikanguruma. Mstari mweusi ukatokea kwenye poda, lakini juu kabisa, chini ya kifuniko cha valvu, ukateremka taratibu hadi kwenye ungio la hedi.

Ngwali akamwashiria azime.

"Ni mpira wa kifuniko tu," akasema. "Oili inashuka, inatuama pale kwenye hedi. Siku ile sikufuta, Bwana Shekue. Niliona pameloa, nikasema gasketi."

"Kwa hiyo lingetembea?"

Fundi aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Nakuuliza, Ngwali. Mpaka hospitali?"

"Lingefika."

Mpira ulibadilishwa adhuhuri ileile. Sasa gari halivuji. Kila asubuhi Shekue huliwasha, hungoja injini ipate moto, kisha huizima.