Babu Kasema Hataki

Babu aliisukuma tableti chini ya kitanda, akageukia ukuta.

"Sitaki," alisema.

Mbunifu wa tovuti akapiga magoti, akaivuta kwa ufagio, akaipangusa vumbi. Hakubisha. Bosi wake alikuwa amemwonya: ukikaa na mtumiaji, macho yafanye kazi, mdomo upumzike.

Mdomo ndio uliomponza mara ya kwanza. Alikuwa ametengeneza tovuti ya chama cha wastaafu, ili wapange miadi na daktari bila kukaa foleni, akaipamba kama bibi harusi. Picha zinateleza, herufi nyembamba kama unywele, vitufe vimejificha kama watoto waliovunja sahani. Siku ya kuionyesha akaongea yeye peke yake mpaka povu likamtoka. Kisha akampisha mwenyekiti wa chama, mzee mwenye fimbo ndefu na subira fupi, ajaribu mwenyewe.

Mzee akatafuta, akapapasa, akasogeza miwani. Mwishowe akaona neno moja tu lililosomeka: TOKA.

"Mimi?" mzee aliuliza.

Akachukua fimbo yake, akatoka. Wajumbe wake wakamfuata.

"Safari hii wakikataa wanahamia kwingine," bosi alimwambia mbunifu, "na wewe utahama nao. Tatizo lako unatengeneza tovuti ya kukufaa wewe mwenyewe. Huna mzee yeyote wa kumjaribisha?"

Mbunifu alijikuna kichwa. Wazazi wake walishatangulia mbele ya haki, na majirani wote walikuwa vijana wenzake.

"Kwa dada yangu yupo Babu," alisema.

"Kompyuta anaijua?"

"Kusoma kwenyewe hajui. Shule hajawahi kukanyaga."

Bosi akapumua kama mganga aliyeoteshwa dawa. "Huyohuyo. Hamia kwake."

Babu hakuwa mtu wa kubembelezeka. Maneno yake yalikuwa machache, na meno yake pia. Dada alimlisha uji kwa kijiko, akimfuta kidevu, huku akimpa kaka yake masharti.

"Leo kaamka na kisirani. Na miguu yenyewe unaiona, akitaka kusimama mshike mkono. Akianguka nitakuuliza wewe."

"Dada, mimi namwonyesha tovuti tu."

"Hiyo tovuti yako isimnyime usingizi wa mchana. Asipolala, humu ndani hapakaliki."

Basi mbunifu akakaa mkekani, akatazama. Babu alizifukuza zile picha zinazoteleza kwa kidole, akazikosa, akanuna. Mbunifu akazisimamisha. Kidole cha Babu kilitua popote kipendapo, kwa hiyo vitufe vikanenepa mpaka vikawa kama visahani. Maneno Babu aliyatazama akapiga miayo. Yakaondolewa, zikaja sura za madaktari. Daktari wa meno alikuwa amekunja uso, na Babu akakataa katakata hata kumwangalia, ikabidi apigwe picha nyingine akicheka. Kila ukurasa ukabaki na jambo moja: chagua daktari, chagua jua la asubuhi au la jioni, gusa kijani. Neno TOKA lilizikwa bila matanga.

Asubuhi moja Babu akagusa daktari wa macho. Akagusa jua. Akagusa kijani. Tableti ikalia kengele.

Babu akacheka mpaka ufizi wote ukaonekana, akarudia. Kabla uji haujapoa alikuwa na miadi kwa madaktari wote, hadi yule wa wanawake.

"Kafanya mwenyewe?" dada aliuliza.

"Hata mkono sijamshika."

"Makubwa. Mimi mwenyewe ile ya kwanza ilinishinda, nikaona aibu kukwambia."

Siku ya kuionyesha tena, mbunifu alifunga mdomo kama aliyewekwa gundi. Alimsogezea mwenyekiti tableti, akarudi nyuma. Bosi alikuwa anamtazama yeye badala ya kutazama tableti.

Mwenyekiti akaikodolea macho kwa shaka. Akagusa daktari. Jua. Kijani. Kengele ikalia.

Mzee akarudia, asije akadanganywa na bahati. Kengele ikalia tena.

"Wewe kijana," alisema, "hii si akili yako. Nani kakuelekeza?"

"Babu, mzee wangu. Nilifuata matakwa yake tu. Akikataa, nabadilisha."

"Nilijua." Mzee aligonga fimbo sakafuni, akawageukia wajumbe. "Mmesikia? Huyo ni mtu wa rika langu kabisa. Tunafikiri sawasawa. Kujua mambo kunataka umri, si vyeti." Akasaini mkataba hapohapo, kwa mbwembwe. "Na kuanzia leo Babu ndiye mshauri mkuu wa chama hiki. Mleteni, nina mengi ya kuteta naye ambayo nyinyi watoto hamyawezi."

Mbunifu akajaribu kumzuia. "Mzee, Babu si mtu wa vikao..."

"Kamlete," bosi alisema, uso umemchanua. "Taratibu tu, usimharakishe."

Dada akapigiwa simu, nao wakasubiri. Mwenyekiti akafunga vifungo vya koti, akaamuru kiti chenye mto kisogezwe karibu na chake, akawakataza wajumbe kumkatiza mgeni akiongea. Mlango ulipogongwa, wote wakasimama kwa heshima, naye akatangulia mbele, mkono ameunyoosha kumpokea mwenzake.

Dada aliingia akihema, akafungua mbeleko, akamshusha Babu mgongoni.

"Haya, Babu," alisema, akimfuta makamasi, "mwamkie mzee."