Bahari Iko Nyuma Yangu

Ndeti alikuwa mwana wa Kiema, na Kiema alikuwa mwana wa Ndululu, yule aliyewavusha watu na mifugo katika mto Thwake, unaoshuka kutoka milima ya Mbooni, kwa miaka arobaini, akipima maji kwa fimbo yake ndefu, asipoteze hata mbuzi. Katika ukoo huo, uliosifika kote Kikima, kwao milimani, hapakuwa na mtu aliyewahi kuitwa mwongo. Jambo hilo ndilo lililomsumbua Ndeti asubuhi hiyo ya mwaka 1971, alipoinama nyuma ya kamera yake katikati ya mto huohuo, akitafuta pembe isiyoonyesha mti wala nyayo za punda.

Mto ulikuwa mkavu. Mbele yake palikuwa na vilima vya mchanga na mikunjo iliyochorwa na upepo. Katika picha isiyo na rangi, pale palikuwa pwani kamili.

Miaka mitatu nyuma, baba yake alisimama kanisani akawatangazia waumini kwamba mwanawe amepata ukarani Mombasa. Ndeti alifutwa kazi kabla mwezi haujaisha. Akarudi hadi soko dogo kando ya Thwake, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka kwao, na hapo miguu ikakataa kupanda milima ya Mbooni. Alikodi chumba, akawa anapiga watu picha za vitambulisho. Basi la Kikima likipita, alijificha. Siku za soko alishinda ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi, akisafisha picha gizani.

Kila baada ya miezi miwili alimpelekea baba yake picha ya mchanga. Salim, dereva wa lori, aliitia posta Mombasa ili ipate muhuri wa huko, kisha akarudi na majibu. Nyuma ya kila picha Ndeti aliandika: "Pwani ya Mombasa. Bahari iko nyuma yangu."

Majibu ya mzee yalikuwa mafupi, na mwisho wake haukubadilika: "Huku milimani mawingu yametanda. Usisimame mchangani."

"Mzee wako huyu!" Salim alicheka hadi machozi. "Adhani bahari yetu yajazwa na mvua ya Mbooni?"

Ndeti alicheka pia, kisha akaona haya.

Juzi ilikuja barua ya namna nyingine. Mwisho wa mwezi Mzee Kiema angepanda basi aende Mombasa, akaone kwa macho yake mahali mwanawe anaposimama. Salim alikuwa aondoke jioni hiyo. Ilibidi picha ya mwisho iende naye, pamoja na uongo wa mwisho.

Juu sokoni basi la Kikima lilipiga honi. Ndeti akajiinamisha zaidi, akangoja mpaka likanguruma na kwenda zake. Akabonyeza kitufe.

Nyuma yake, ukingoni, mtu alikohoa.

"Ngoja kidogo, bwana Salim," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeshafikiria. Tutamwandikia mzee kwamba nimehamishiwa Lamu, na huko hakuna basi. Akifika Mombasa, mimi nimekwisha."

Akageuka.

Mzee Kiema alikuwa amesimama juu ya ukingo, koti lake la kanisani limelowa mabegani, udongo mwekundu wa milimani umegandia viatu. Mkononi alishika fimbo ya Ndululu.

"Sikia neno langu, kijana, wala usilijadili," alisema. "Toka hapo mchangani. Mbooni kumenyesha usiku kucha, na barua ingechelewa."