Ondoa Mikono

Fawaz alianguka tena, safari hii kifudifudi, na damu ya mdomo ikaingia mchangani.

Kamaludin, kaka yake, hakumwinamia. Alisimama palepale na fimbo yake, miguu imetanuka, tumbo mbele, mabega nyuma, kama mtu anayekagua mali yake. Alimwamuru ainuke mwenyewe.

Fawaz akaegemea magoti yake, kisha mapaja, akajikwea kwa mikono mpaka akasimama akiyumba.

"Ondoa mikono," Kamaludin alisema.

Fawaz akaishusha. Fimbo ikamkita kifuani, akaenda chini chali. Kichwa kilidunda.

Mwalimu Rufus aliyaona hayo akiwa dirishani mwa darasa. Alikuwa amehamishiwa Faza kutoka Kisii mwezi uliopita, na jana pia alikuwa amewaona hapo, kwenye uwanda wa mchanga usio na nyumba. Alijua kwamba Fawaz ana ugonjwa wa misuli, wa kurithi kutoka kwa mama. Alijua kwamba kijana amepoteza jino la mbele na mkono wake mmoja una plasta. Aliyemfanyia hivyo hakuhitaji kutafutwa.

Asubuhi alikuwa amemwuliza Bi Ruba, muuza mahamri, kwa nini hakuna anayeingilia. Bi Ruba alimwambia awaache, wale ni tumbo moja, akamwongezea chai. Mwalimu mkuu naye alisema vivyo hivyo. Rufus alihitimisha kwamba mji mzima umekubali kufumba macho.

Sasa Fawaz alikuwa anajikwea tena, na fimbo ilikuwa inamngoja. Rufus alitoka mbio.

"Utamuua," alisema alipowafikia.

Kamaludin hakugeuza hata shingo. "Mwalimu, ndia ya shule ni ile. Huyu ni wangu."

"Ni binadamu, si punda wako."

"Punda ana akili zaidi. Akishaanguka mara moja, hujifunza." Kisha akamwambia Fawaz, "Mikono."

Fimbo ilipogusa tena kifua cha kijana, Rufus alipiga. Alikuwa amecheza ndondi chuoni. Ngumi ilimpata Kamaludin chini ya sikio, na mfupa ukalia.

Kamaludin hakurudisha. Aliachia fimbo, akalegeza magoti, akageuza uso, akakunja mikono kifuani, akatua kwa paja, ubavu, kisha bega. Kichwa hakikugusa chini.

Rufus alimshika Fawaz aondoke naye. Kijana akaukwepa mkono wake. Alikuwa amemkodolea macho kaka yake.

"Umeona nilivyogeuza uso?" Kamaludin alimwuliza, damu ikimtoka sikioni.

"Nimeona."

Kamaludin akaegemea magoti yake, kisha mapaja, akaanza kujikwea. Alichukua muda mrefu kuliko mdogo wake.

"Una mkono mzuri, mwalimu," alisema akitweta. "Kesho njoo umsukume wewe. Mimi nguvu zinaniishia."