Walinzi Ndani ya Kopo

Mkewe aliinua birika la maji ya moto juu ya kopo. "Ishirini na wanane, baba watoto! Nimewaokota mmoja mmoja kwenye kunde zako mpaka shingo imekakamaa."

Fundi cherehani, mguu ukiwa ndani ya plasta wiki ya tatu sasa, alichungulia. Funza wa kijani, wasio na miguu, laini kama kamasi. Mmoja bado alikuwa ameng'ang'ania kidukari, kile kidudu kinachonyonya utomvu wa majani, akimfyonza.

Akawatambua. Walikuwa watoto wa nzi wa maua, wale wenye milia kama nyigu wanaoelea hewani. Kwa ajili yao aliiacha giligilani itoe maua msimu mzima, mkewe akimcheka. Bila hawa, vidukari wangezimaliza kunde zote.

Akamtazama mkewe: udongo puani, na furaha ya mtu aliyeokoa shamba zima.

"Usimwage," alisema. "Nipe mkongojo. Hawa nitawaadhibu mwenyewe, palepale kwenye majani yaliyojaa vidukari."

"Na huo mguu?"

"Utanishika mkono. Twende polepole, mama. Na hilo kopo usilitikise."