Udongo Kwenye Kucha

Kucha za mama zilikuwa na udongo. Jepkemboi aliushika mkono wake kana kwamba anamsalimia tu, akaugeuza. Kiganja kilikuwa kimeota sugu. Mtu aliyevunjika nyonga mwezi wa pili, na tangu hapo hajainuka kitandani, udongo kautoa wapi?

Alipouliza, mama alimtazama kwanza Emmy, msichana aliyeajiriwa kumtunza. Emmy akajibu upesi kuwa gogo, yaani bibi, alikuwa akipanda maua kwenye mikebe. Nyumba nzima haikuwa na ua hata moja.

Jepkemboi alirudi Nakuru mjini. Kila Jumamosi alipanda Dundori kwa mama, na kila Jumamosi aliona jambo. Emmy alizidi kunenepa, mama akazidi kuchomwa na jua. Wakiachwa wawili walinong'ona, akiingia, walinyamaza. Halafu Hiram, jirani, akampigia simu. Alisema hapendi kuingilia mambo ya watu, lakini alikuwa amemwona mama akipalilia viazi saa sita mchana, na yule msichana ameketi akimwangalia.

Jumatano Jepkemboi aliomba ruhusa kazini, akaenda Dundori bila kumwambia mtu. Alizunguka nyuma ya zizi la ng'ombe, na hapo akawakuta. Mama alikuwa ameinama kati ya mistari ya viazi, jembe mkononi, jasho likimtiririka. Emmy alikuwa kivulini juu ya gunia, anakunywa chai.

"Funga virago vyako," Jepkemboi alimwambia Emmy. "Unamfanyisha mgonjwa kazi na wewe umekaa? Leo utajieleza kwa polisi."

Emmy hakujitetea. Aliinuka polepole, ameshika kiuno, na leso ilipolegea tumbo la miezi saba likaonekana.

"Keti, Emmy," mama alisema. Aliangusha jembe, akanyooka wima, akamwendea binti yake bila fimbo. "Huyu alitaka kukupigia simu siku ya kwanza niliposimama. Mimi ndiye nilimkataza. Natembea tangu mwezi wa tano."

Jepkemboi alimtazama miguu, kisha uso. "Sasa ulikuwa unanidanganya kwa nini, Mama?"

Mama alijipangusa udongo mikononi.

"Mwaka mzima kabla nianguke, ulikuja hapa mara moja tu. Tangu nilale, hujakosa Jumamosi hata moja."