Ndoo ya Kulipokea Gari

Usukani wa gari la Melania ulikuwa ukitetemeka kila alipokanyaga breki, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mumewe, Kizito, alikwisha kutoa hukumu: lisipopona leo, linauzwa chuma chakavu.

"Haliuzwi," alisema Melania, akaliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu la mbele.

Alifunga bisibisi kwa waya karibu na diski ya breki, akaizungusha diski polepole. Upande mmoja iligusa bisibisi, upande wa pili ikapita mbali. Ilikuwa imepinda, na ya gurudumu la pili la mbele vilevile. Akafunga diski mpya mbili, akateremka mlima wa sokoni akikanyaga breki mpaka zikanuka. Usukani ulitulia tuli.

Aliporudi, Kizito alikuwa uani na ndoo ya maji ya kisima. Kila gari lilipofika nyumbani alilimwagia magurudumu kabla hata hajamsalimu mkewe, kwa kuwa marehemu baba yake alilipokea hivyohivyo.

"Pole na safari, mzee," aliliambia gari, akainua ndoo.

Melania alitazama diski zilizokuwa zikifuka moshi, kisha yale maji baridi, akajua ni nini kilichozipinda zile za kwanza.

"Baba Sabina, weka chini. Maji hayo ndiyo yanayoliua."

"Nisilipokee? Litanifikiriaje?"

"Lipokee kwa mdomo."

Kizito hakuiachia ndoo, na Melania naye aliushika mshikio. Wakasimama hivyo, maji yakichezacheza ukingoni, huku chuma cha moto kikilia ti, ti, karibu na miguu yao.